Daftari la ajali katika kiwanda cha chumvi: mwongozo kwa karani na kamati ya usalama

Ukitoka Malindi, ukavuka Mto Sabaki na kuipita Mambrui, huendi mbali kabla ya kuona vilima vyeupe upande wa bahari. Hiyo ni chumvi. Kuanzia Gongoni kupita Marereni hadi Kurawa, watu wengi wa Magarini wamepitia kazi hii wakati mmoja au mwingine wa maisha yao. Ukimuuliza kijana anafanya kazi wapi atakujibu kwa neno moja: chumvini.

Kila asubuhi chumvini kuna mtu anayetumbukiza kipimo bwawani kujua ukali wa maji, kwa sababu chumvi huanza kuganda maji yakifika karibu nyuzi 25 za Baumé. Hakuna anayeandika 25 wakati kipimo kinasema 18, maana uongo huo utaumbuka siku ya kuvuna. Daftari la ajali halina bahati hiyo. Uongo wake hauonekani upesi, na ndiyo sababu linajazwa ovyo: mistari mitatu kwa mwaka, yote ya wafanyakazi wa kudumu, yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, yameandikwa jioni ya kuamkia ukaguzi. Kibarua aliyepondwa kidole mwezi wa pili hayumo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vidole navyo ni mali.

Mwongozo huu ni wa karani, foromani na wajumbe wa kamati ya usalama wa kiwanda cha chumvi, ingawa anayechimba mawe au kusaga jasi pia ataokota lake. Sheria ninazozitaja ni za Kenya: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na ile ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka huohuo ambayo kila mtu huiita WIBA.

Hatua ya 1: Ifuate chumvi kwa miguu

Kabla ya kununua daftari, chukua nusu siku uifuate chumvi kutoka baharini hadi kwenye lori. Nenda na mjumbe wa wafanyakazi, si na meneja peke yake, na kila mahali utauliza swali moja tu: hapa watu huumia vipi?

Anzia kwenye pampu na mifereji. Hapo kuna umeme karibu na maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kisima. Kuna pia mfereji wenye kina ambao kibarua wa zamu ya usiku huuvuka juu ya ubao mmoja. Uliza ubao huo uliwekwa na nani na lini. Mara nyingi hakuna anayejua.

Kwenye mabwawa ya kuvunia, maadui ni jua, mwanga na miguu. Chumvi nyeupe huurudisha mwanga usoni, kwa hiyo anayeinama na beleshi hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Wanaovuna bila buti za mpira hupata magaga, magaga hupasuka, na mpasuko ukiingia maji ya chumvi kila siku haufungi. Hilo halionekani kama ajali kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye mguu.

Lundo la chumvi linahitaji macho zaidi kuliko linavyopewa. Chumvi iliyokaa hushikana ikawa kama ukuta. Tingatinga likichota chini, juu hubaki pamening'inia, na siku moja hushuka kwa mkupuo. Andika kwenye orodha yako nani anaruhusiwa kupita chini ya uso wa lundo wakati wa kuchota. Jibu sahihi ni: hakuna.

Ndani ya jengo mambo huwa mengi kwa wakati mmoja. Kuna mashine ya kusaga na mikanda inayobeba chumvi, na mahali mkanda unapokutana na rola ndipo mkono huvutwa. Wanaopakia mifuko, wengi wao wanawake, huvaa leso na madera. Ncha ya leso ikishikwa na shafti inayozunguka, hakuna nguvu ya mtu itakayoirudisha. Kwenye mashine ya kukaushia kuna moto na vumbi. Mahali pa kuchanganyia madini joto, yaani potasiamu iodeti, kuna kemikali inayouchochea moto, kwa hiyo isiwekwe karibu na magunia matupu, dizeli wala matambara yenye grisi. Kisha kuna mapipa makubwa ya chumvi ya kulishia mashine: mtu akishuka ndani kugongagonga chumvi iliyokwama, humfunika.

Halafu kuna kutu, na hapa viwanda vyetu vinatofautiana na vya bara. Hewa ya chumvi hula kila chuma. Ngazi iliyokuwa imara mwaka juzi leo inaachia kwenye viungio. Kinga ya mashine iliyofungwa kwa boliti nne sasa inashikiliwa na moja, na fundi akiifungua hairudishi kwa sababu tundu la boliti limeliwa. Ukisoma daftari zuri la kiwanda cha chumvi utaiona kutu nyuma ya ajali nyingi ambazo kwa jina zinaitwa kuteleza, kuanguka au kushikwa na mashine. Kwa hiyo tenga safu ya kutu kwenye orodha yako tangu mwanzo.

Matembezi hayo yakupe ramani ya karatasi moja yenye majina ya mahali kama watu wanavyopaita: pampu ya kwanza, bwawa la saba, mkanda mrefu, krasha, kwa iodini, stoo ya magunia. Majina hayohayo ndiyo utakayoyatumia kwenye daftari, kila mara, bila kuyabadilisha. Leo ukiandika "mkanda mrefu" na kesho "konveya B", mwisho wa mwaka utadhani ni mashine mbili.

Hatua ya 2: Daftari lenyewe

Sheria inataka mahali pa kazi pawe pamesajiliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, pawe na rejista ya jumla, na pakaguliwe na mshauri wa usalama aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Kiwanda chenye watu 20 au zaidi lazima kiwe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa uongozi na wa wafanyakazi. Hayo yakague upesi kisha uendelee. Kazi yako kubwa ni daftari la kila siku.

Liwe moja. Najua viwanda vinavyoweka kitabu cha huduma ya kwanza kwa muuguzi, kingine kwa foromani na cha tatu ofisini. Vitatu hivyo havikutani kamwe, na jeraha lililoandikwa kwa muuguzi kama "mkono, dawa, kurudi kazini" halijulikani na yeyote anayeweza kurekebisha mashine. Kama muuguzi anahitaji kitabu chake cha siri za matibabu, sawa, lakini tukio lenyewe liingie kwenye daftari kuu.

Safu ninazozipendekeza ni hizi: namba ya tukio, tarehe na saa, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho, wa kudumu, kibarua au wa kontrakta, ana muda gani kazini, mahali, alikuwa akifanya nini, kilichotokea, sehemu ya mwili, kulia au kushoto, alichofanyiwa, siku alizokosa, kilichorekebishwa, na nani, na lini, sahihi au alama ya dole gumba.

Mawili katika hayo yanahitaji maelezo. Kwanza saa. Sisi husema saa nne asubuhi, fomu ya serikali na kampuni ya bima husoma 10:00, na kati ya hao wawili mtu anaweza kujikuta aliumia usiku wakati hakuwa zamu. Kubalianeni mfumo mmoja na uandikwe kwenye jalada la ndani. Mimi napendelea saa za mashine, 10:20, 15:45, kwa sababu ndizo zinazosafiri hadi ofisi za mbali bila kubadilika. Pili jina. Kwa jinsi Wagiriama wanavyorithishana majina, zamu moja inaweza kuwa na akina Kazungu Karisa watatu, na mmoja wao anajulikana kwa jina la utani tu. Bila namba ya kitambulisho, fidia ya mmoja itamfuata mwingine au haitamfuata mtu.

Na kibarua? Anaingia. Aliyeitwa getini asubuhi na kulipwa jioni ni mfanyakazi aliyeajiriwa kwa ujira, na WIBA haimbagui kwa sababu mshahara wake ni wa siku. Aliyeletwa na kontrakta wa kupakia malori pia anaingia, na jina la kontrakta liandikwe. Hoja kwamba huyu si wetu ijadiliwe baadaye na wanaojadili mikataba. Damu ilidondoka kwenye sakafu yenu.

Hatua ya 3: Mtu kwanza, kalamu baadaye, lakini si kesho

Zima mashine. Mhudumie mtu. Huduma ya kwanza chumvini ina mambo yake. Kidonda chenye chumvi kioshwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, mengi, kabla ya kufungwa, kwa hiyo dumu la maji hayo liwe karibu na kila kituo na lisiwe lilelile la kunywa. Chumvi au iodeti ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Aliyezidiwa na joto, akawa anaongea yasiyoeleweka au amezimia, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na gari liitwe papo hapo. Huyo haambiwi apumzike kidogo arudi.

Kidole kikikatika, kitafute. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, na kisitiwe kwenye maji. Barafu kwetu si shida, wavuvi wa Ngomeni wanaitumia kila siku. Shida ni kwamba hakuna aliyepanga nani atakimbilia wapi. Panga leo na uandike namba za simu ukutani.

Mtu akishaondoka kuelekea hospitali, mahali paachwe palivyo. Piga picha kwa simu: mashine, kinga ilipokuwa, sakafu, mwanga. Nimeona foromani mzuri kabisa, mchapakazi, akiagiza sakafu isafishwe na mkanda uwashwe hata kabla gari halijafika getini, kwa nia ya kuokoa saa za kazi. Akaosha na sababu ya ajali. Kwenye kifo au jeraha kubwa kubadilisha mahali kabla ya mkaguzi kuruhusu kunaweza kuwatia matatani, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha.

Kisha andika kabla ya zamu kwisha. Ikishapita usiku mmoja, kila shahidi amekwisha zungumza na mwenzake na hadithi imekuwa moja, laini, isiyo na kona.

Hatua ya 4: Sentensi

Hapa ndipo daftari hufa au huishi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sentensi ninayoiona mara nyingi ni hii: "Mfanyakazi aliumia mkono kwa uzembe wake." Ina maneno sita na haina habari hata moja. Mkono upi, wapi, na nini kilichomuumiza? Na huo uzembe ulionekana na nani? Neno uzembe lipigwe marufuku kwenye safu ya kilichotokea, pamoja na ndugu zake: hakuwa makini, alikosa kufuata maagizo, bahati mbaya. Hizo ni hukumu. Hukumu ina mahali pake baada ya uchunguzi, na hata huko mara nyingi utagundua kwamba maagizo yenyewe hayakuwahi kutolewa.

Andika alichofanya mtu, kilichofanywa na kitu, na kilichokutana na mwili. Tuchukue mfano wa kutunga:

"Saa 10:20, mkanda mrefu, upande wa krasha. Kibarua, siku ya tatu kazini, alikuwa akikwangua chumvi iliyoganda kwenye rola ya chini kwa kipande cha mbao huku mkanda ukitembea. Mbao ilivutwa, na mkono wa kulia ukafuata hadi kifundoni. Mwenzake alikimbilia swichi, hatua kama ishirini. Kinga ya rola haikuwepo. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, matundu ya boliti yameliwa na kutu. Vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati, vimepondwa. Amepelekwa hospitali Malindi saa 10:50 kwa pikapu ya kiwanda."

Soma tena uone yaliyomo. Mtu mpya. Kusafisha mashine ikitembea. Swichi ya dharura iko mbali. Kinga haipo, na sababu ya kutokuwepo kwake inajulikana. Kuna mambo manne ya kurekebisha, na hakuna hata moja linalosema kijana alikuwa mzembe. Bila shaka alikosea kutia mbao pale. Lakini rola iliyo wazi ingemngoja na kijana wa kesho.

Mhoji aliyeumia kwa lugha anayoiota. Kama Kigiriama au Kipokomo ndicho kinachomtoka vizuri, tafuta mjumbe wa kamati anayekijua, kisha umsomee ulichoandika kwa Kiswahili mpaka aseme ndiyo, hivyo. Usimhoji mbele ya foromani wake. Asiyejua kuandika atie dole gumba, na msomaji aandike jina lake kwamba ndiye aliyemsomea. Kama hali yake hairuhusu, acha safu ya maelezo yake wazi na uandike "atahojiwa", usimwekee maneno.

Mambo ya mwili wake hayahitaji kuwa hadithi ya kantini. Daftari lifungiwe, na ukutani yabandikwe matukio bila majina.

Hatua ya 5: Pima uzito wa tukio na uangalie kalenda

Kila tukio lipe ngazi moja: nusura, yaani lingeweza kuumiza lakini halikuumiza, huduma ya kwanza tu, matibabu ya hospitali lakini alirudi zamu ifuatayo, siku zilizopotea, ulemavu wa kudumu, kifo.

Kalenda ya sheria ni fupi. Kifo: afisa wa usalama na afya kazini wa eneo apate habari ndani ya saa 24 kwa njia yoyote iliyopo, na taarifa ya maandishi imfuate ndani ya siku 7. Jeraha lisilo la kifo: taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Matukio ya hatari kama moto, mlipuko au kuanguka kwa winchi nayo yanaripotiwa hata kama kila mtu alitoka mzima. Chini ya WIBA mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa DOSHS ndani ya siku 7 tangu apewe habari au ajue ajali imetokea. Mfanyakazi anaweza kumwarifu mwajiri wake kwa mdomo au kwa maandishi, kwa hiyo kauli ya kwamba "hakuniletea barua" haisimami.

Kuhesabu siku kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni wa kibarua: aliumia Jumatatu, Jumanne hakuitwa getini, basi eti hakukosa siku hata moja kwa sababu hakuwa na kazi. Huo ni ujanja. Hesabu siku ambazo mwili wake usingemruhusu kufanya kazi ile, awe ameitwa au hakuitwa, kwa kufuata karatasi ya daktari. Mtego wa pili ni kumleta mtu mwenye bendeji aketi kivulini kwenye ofisi ya mizani, ahesabiwe yuko kazini. Kazi nyepesi ni jambo zuri kama daktari amekubali na kazi ipo. Vinginevyo ni kiti cha kudanganyia daftari.

Nusura ziandikwe nyingi. Ubao uliovunjika mfereji ukiwa mtupu, kipande cha lundo kilichoshuka wakati wa chai, mfuko ulioporomoka kutoka safu ya juu bila kumpata mtu. Hakuna fomu ya serikali inayodai mengi kati ya hayo, na ndiyo maana yanakuambia ukweli: hakuna anayeogopa kuyasema, mradi usimwadhibu aliyeyaleta. Sheria inamkataza mwajiri kumfukuza au kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya kulalamikia usalama. Libandike hilo getini.

Hatua ya 6: Kutoka daftarini hadi fidia

Fomu ya kuanzia ni DOSH/WIBA 1. Sehemu ya mwajiri hujazwa kiwandani, sehemu ya daktari hujazwa na aliyetibu. Daftari lako ndilo linaloilisha fomu hii, kwa hiyo tarehe, saa, jina na upande wa mwili vifanane herufi kwa herufi. Mkono wa kulia daftarini ukawa wa kushoto kwenye fomu, bima itapata sababu ya kukaa kimya miezi.

Mambo ambayo kila mjumbe wa kamati anapaswa kuyajua kwa kichwa: mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kulipia majeraha haya. Gharama za matibabu ni zake. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda, kwa siku 3 au zaidi, hulipwa kiasi sawa na mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo, na yakishawasilishwa yanatakiwa kulipwa ndani ya siku 90. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga.

Njia ni ya kwa Mkurugenzi kwanza, si mahakamani. Jambo hilo lilibishaniwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipolimaliza tarehe 3 Desemba 2019. Bado utakutana na watu Malindi mjini wanaomwambia majeruhi asubiri wakili. Mwambie asubiri akiwa ameshawasilisha madai.

Kwa kibarua, shida kubwa ni kuthibitisha mapato. Miezi 96 ya nini, kama hakuna karatasi ya malipo? Hapa karatasi ya getini, ile ya kuita majina asubuhi na kulipa jioni, inakuwa hati ya thamani. Ihifadhi pamoja na daftari. Mpe majeruhi nakala ya ukurasa wake na ya fomu, siku hiyohiyo, bila kungoja aombe. Huenda akarudi kwao Ganze au Garsen kuuguzwa, na mwezi wa kumi na moja ukafika akiwa hana hata kipande cha karatasi.

Hatua ya 7: Majeraha yasiyo na saa

Mguu wenye kidonda kisichopona, kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho baada ya miaka ya mwanga, masikio yanayovuma baada ya zamu ya krasha, kifua cha mtu wa vumbi. Hayo hayana saa 10:20. Tumia kurasa za nyuma za daftari, na tarehe iwe siku mtu alipolisema au daktari alipoliona. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinakataza mtu kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Pimeni krasha, msikisie. Kipimo rahisi cha awali: ikiwa mnaosimama hatua moja mnapigiana kelele ili msikizane, itisheni mpimaji.

Hatua ya 8: Kulisoma

Kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na daftari liwe mezani, si muhtasari wake. Panga matukio kwa mahali, kwa saa, kwa kazi na kwa muda wa mtu kazini. Mtu mgeni huumia upesi zaidi, na hilo chumvini lina msimu: kaskazi ikikausha mabwawa, Januari hadi Machi, uvunaji unapamba moto na geti linajaa sura mpya. Kama daftari linaonyesha majeraha yanarundikana hapo, mafunzo yenu yafanyike Desemba. Ramadhani nayo iangalieni. Waliofunga wakiwa bwawani saa nane mchana, saa za matukio zitawaambia kama kazi nzito ilipaswa kuhamia alfajiri.

Kuna hesabu ambayo makao makuu huipenda: majeraha yenye siku zilizopotea, mara 1,000,000, gawanya kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Wamarekani hutumia 200,000, ambazo ni saa za watu 100 kwa saa 40 kwa wiki 50. Watu 150, saa 8, siku 26 kwa mwezi, ni saa 31,200 kwa mwezi na 374,400 kwa mwaka. Majeraha 3 yanatoa karibu 8. Vizuri. Sasa angalia udanganyifu ulivyo rahisi: kati ya hao 150, wakiwa 60 ni vibarua, saa zao zikahesabiwa lakini majeraha yao hayakuandikwa, namba itapendeza kila mwaka na hakuna aliyeandika uongo hata mmoja. Anayehesabiwa saa ahesabiwe na jeraha. Na kwa kiwanda kidogo, namba ikipanda kutoka 5 hadi 8 huenda ni tukio moja tu, kwa hiyo msiitishe karamu wala kilio.

Sina imani na ubao wa "siku bila ajali" wenye zawadi ya sukari na unga. Watu wakijua kidole cha mwenzao kitawanyima unga, kidole kitafichwa mfukoni hadi kioze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Toeni zawadi kwa nusura iliyoripotiwa ikarekebishwa.

Safu ya kilichorekebishwa ndiyo ya kusomwa kwa sauti. Mtu akiandika "wafanyakazi wameonywa", rudisheni. Onyo halifungi boliti. Mfano wetu wa juu ulihitaji kinga mpya ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki ngumu, kamba ya kusimamisha mkanda inayofikika kutoka popote, kufuli la swichi ambalo ufunguo wake anakaa nao anayesafisha, na saa moja ya mafunzo kabla kibarua hajashika beleshi. Kila kimoja kiwe na jina la mtu na tarehe, na mjumbe mwingine aende kukiangalia kwa macho kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 9: Kulitunza

Nunua daftari la kushonwa kwa uzi. Pini za chuma huliwa na kutu kwenye hewa ile na kurasa huanza kutoka. Kurasa zipigwe namba kabla ya kutumika. Tumia kalamu ya wino. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisomeke, na litiwe sahihi, bila rangi nyeupe. Kila Ijumaa jioni piga picha kurasa za wiki na uzitume kwa watu wawili, mmoja wa uongozi na mmoja wa wafanyakazi.

Karani akiondoka, makabidhiano yafanyike mbele ya kamati: daftari, karatasi za getini, nakala za fomu zilizotumwa, na orodha ya madai ambayo hayajalipwa pamoja na tarehe ambayo miezi 12 ya kila moja itakwisha. Karani mpya aanze na hiyo orodha, ampigie simu kila aliyemo.